Mshahara wa Ahadi

Jumanne moja mchana alifika ofisi ya usharika ndugu mmoja tunayemfahamu vizuri. Ana miaka kumi na mitano katika kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi Dar es Salaam. Alirudi Mwanza kumuuguza mama yake. Mkononi alishika barua ya ajira kutoka kwa vijana wanne waliofungua kampuni ya kuwaunganisha wauza dagaa wa mialoni na wanunuzi wa mikoani kwa njia ya simu. Mshahara waliompa haukufika theluthi ya ule aliouacha. Mwishoni mwa barua waliandika kwamba kampuni ikikua, atafikiriwa kupewa hisa.

“Mchungaji, naomba unisaidie kuelewa,” alisema. “Wananiambia bila mimi hawafiki popote. Mbona bei yao ni ya mtu anayeanza kazi?”

Tulimjibu haraka, kama wachungaji tunavyojibu kikao kikiwa kinatusubiri. Tulimwambia fedha si kila kitu, ajitoe, Mungu anaona. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: “Ndivyo mlivyoniambia mwaka juzi, kwenye ile programu ya bahasha.”

Tulikosa neno. Mwaka juzi tulimwomba atutengenezee programu ya kutunza kumbukumbu za ahadi na bahasha za washarika, ili mtunza hazina apumzike na madaftari. Alifanya kazi hiyo usiku kwa miezi mitano. Tulimsimamisha mbele ya ibada, tukampa bahasha ndogo ya shukrani, washarika wakapiga makofi, nasi tukasema yaliyobaki Bwana atamlipa. Hatukumuuliza hata mara moja kazi ile ingegharimu kiasi gani. Mwaka huo huo fundi aliyeezeka paa la kanisa tulimlipa bei yake yote. Paa tuliliona kwa macho. Kazi ya ndugu huyu ilikuwa ndani ya kompyuta, na kwa kuwa hatukuiona, tuliihesabu kuwa nyepesi.

Kikao tulikiahirisha, tukaketi naye. Siku nyingine tuliketi na wale vijana pia, maana tulitaka kuelewa kabla ya kuhukumu. Walitueleza bila kuficha. Kampuni changa haina faida bado. Inaishi kwa akiba ya waanzilishi au fedha za wawekezaji, na fedha hizo huhesabiwa kwa miezi iliyobaki kabla hazijaisha. Mshahara kamili wa mtu mmoja mzoefu ungewapunguzia miezi mingi. Wao wenyewe hawakuwa wakijilipa, hivyo waliona kila anayejiunga atabeba njaa ile ile kwa furaha ile ile. Mwishowe mmoja wao, akiangalia chini, akasema: “Pia tulijua ana mgonjwa hapa, hawezi kurudi Dar.”

Sababu za mwanzo ni za uhaba, na uhaba si dhambi. Hiyo ya mwisho ilituuma, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa yetu pia. Sisi tulijua ndugu yule analipenda kanisa na hataweza kulikatalia.

Watu wa ziwani hawashangai malipo yasiyo na uhakika. Kirumba, Igombe na hata Ukerewe, wavuvi wengi wa dagaa hawana mshahara wa mwezi. Mtumbwi ukirudi alfajiri, gharama hutolewa, na kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti dagaa, na siku hizo hakuna apataye. Lakini mvuvi aliyebeba hasara ya usiku anaujua mgawo wake kabla hajaingia mtumbwini, na dagaa huuzwa palepale mwaloni.

Kampuni changa humwomba mtaalamu abebe hasara kama mvuvi, ila mgawo wake uko mbali zaidi. Kwa desturi ya kampuni hizi, hisa za mfanyakazi huiva kidogo kidogo kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza hapati kitu. Hata zikiiva, hazinunui unga mpaka kampuni inunuliwe au igawe faida. Na kampuni hufa. Jirani zetu wa Nairobi waliiona Sendy, kampuni ya usafirishaji iliyopata dola milioni 20 kutoka kwa wawekezaji mwaka 2020. Mwaka 2023 ilifungwa. Ikiwa wenye mamilioni huanguka, vijana wanne wa Mwanza wasimwambie mtu kwamba hisa ni sawa na mshahara.

Tulirudi kwenye Mathayo sura ya 20, mfano ambao tumeuhubiri mara nyingi tukikimbilia jioni yake, pale mwenye shamba anapowashangaza watu kwa ukarimu. Safari hii tulisimama asubuhi. Wale wa kwanza walipatana naye kwanza, dinari moja kwa siku, ndipo wakaingia shambani. Wa saa tatu hawakutajiwa kiasi. Waliambiwa tu kwamba watapewa iliyo haki. Jioni walipata dinari nzima. Anayemwajiri mtu kwa ahadi isiyo na kiasi amejifunga kutoa zaidi, si kidogo. Sisi tulikuwa tumeligeuza neno hilo. Naye Luther, akieleza amri ya saba katika Katekisimo Ndogo, haishii kwenye kutomwibia jirani. Anatutaka tumsaidie kuilinda na kuikuza riziki yake.

Tuliyapeleka mambo haya kwenye baraza la wazee. Mzee mmoja aliuliza kama sasa tutalipa kila anayejitolea, mpaka wanakwaya. Lilikuwa swali zuri. Tulikubaliana kwamba kujitolea ni kwake anayetoa. Sisi hatuna ruhusa ya kumtolea mtu kilicho chake. Tulimwomba ndugu yule ataje gharama ya kazi yake. Alitaja, tukalipa kwa awamu tatu. Sehemu ya awamu ya mwisho aliirudisha kama sadaka, na safari hii ilikuwa sadaka kweli.

Kazi ya wale vijana aliikubali, kwa siku tatu za wiki, hisa zake zikitajwa kwa idadi katika mkataba uliotiwa saini. Siku nyingine anafanya kazi zake na kumpeleka mama kliniki. Kampuni yao bado inahesabu miezi. Tunawaombea kila Jumapili, na tukikutana nao tunawauliza pia: mmeshalipa watu?