Chura wa Mpira

Wenzangu, katika likizo nilivuka mpaka kutoka kwetu Uganda, nikaenda Naivasha, Kenya, kwa mjomba wangu, ambaye kitoweo cha watoto wake hutegemea mshipi. Katika ziwa lile yumo samaki aitwaye besi, asili yake Marekani, aliyetiwa humo mwaka 1929. Hukaa chini ya mafunjo na magugu, akivizia vyura. Basi mvuvi hutumia chura wa mpira mwenye ndoana mbili zilizolala mgongoni, zisinase majani. Samaki akimbana, mpira hubonyea na ndoana hutokeza.

Lakini maji yarukapo, usivute! Mara nyingi samaki bado hajamshika chura vizuri. Inamisha ufito, kunja mshipi uliolegea, ngoja mpaka chura azame na mshipi uwe mzito. Hapo vuta juu kwa nguvu zote, wala usimpe nafasi ya kurudi majanini. Ndoana ziwe kali, mshipi uwe mnene.

Nilimwuliza mjomba, mtu angoje muda gani? Akajibu, "Mpwa wangu, sikiliza mkono, usisikilize mshindo." Jioni ile watoto sita walikula samaki.

Nasi katika mtihani tusikurupukie swali. Tulisome hata mwisho, ndipo tujibu.