Alipiga Windo Mpya Usiku, Asubuhi Nyumba Ikagoma Kuwaka: Kisa cha Kapo ya Kilwa Masoko

Kuna vitu viwili mtu hatakiwi kuvibadilisha nyumbani bila kuuliza: kufuli la mlango na windo ya kompyuta. Ukibadilisha kufuli, mwenzako analala nje. Ukibadilisha windo, mwenzako yuko ndani, anaitazama mashine, mashine inamtazama, na wateja wamejaa barazani.

Hiki kisa ni cha kapo moja ya Kilwa Masoko, mwezi Mei 2024. Majina yao yakae huko huko. Masoko penyewe padogo, wanaojua wanajua.

Mume ni mpiga video za harusi. Kivinje, Somanga, Nangurukuru mpaka Lindi mjini, akina dada wanamjua kwa klipu zake za mabibi harusi wakishuka kwenye gari taratibu kama wako kwenye filamu. Mke ana steshenari barazani kwao: kuchapa barua, kutoa kopi, picha za paspoti, fomu za mikopo ya chuo, mitihani ya shule za jirani. Wote wawili wanakula kupitia kompyuta moja, deskitopu ya mtumba kutoka Kariakoo, na sehemu kubwa ya hela yake ilitoka kwenye kikoba cha bibie. Mchana ni ya mke, usiku ni ya mume. Miaka ikaenda bila kelele.

Kwa nini jamaa alitaka windo mpya

Tumtendee haki, jamaa hakuwa mjinga. Mashine ilikuwa na Windows 7 ya biti 32, na Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Programu mpya za kuediti video hazikai humo kabisa, zinataka Windows 10 kwenda juu, tena ya biti 64. Halafu alikuwa ameongeza ramu ikafika GB 8, wakati windo ya biti 32 haivuki GB 4. Yaani nusu ya ramu aliyonunua ilikuwa imekaa tu kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Muda nao ukajileta wenyewe. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya kusini, mvua ikamwagika, barabara ya Dar–Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Harusi alizokuwa ameshika zikaahirishwa. Mpiga picha asiye na harusi ni mtu wa hatari, anaanza kutafuta vya kurekebisha.

Ijumaa usiku, tarehe 10, mkewe kalala, jamaa akachomeka fleshi aliyopewa na mshkaji na kuanza kazi. Kumbuka kwamba Windows ya biti 32 huwezi kuipandisha kwenda biti 64 juu kwa juu. Lazima upige upya kabisa, na kila programu iliyokuwemo inaondoka. Mafaili ya mke aliyahamishia diski D, hilo alilikumbuka. Saa nane usiku Windows 10 ikawaka, safi, inang'aa. Akaunganisha intaneti ya simu yake, akalala na tabasamu.

Asubuhi ya vilio

Jumamosi saa mbili, mwalimu wa shule jirani kaja kuchukua mtihani wa hesabu wa mwisho wa muhula. Kopi 120. Mke akabonyeza kuprinti. Kimya. Printa imewaka taa ya kijani, kompyuta inasema hakuna printa.

Hapa ndipo wengi hawaelewi. Printa na windo haziongei lugha moja, katikati yao kuna mkalimani anayeitwa draiva. Mkalimani wa biti 32 haruhusiwi kukanyaga kwenye windo ya biti 64. CD iliyokuja na printa ile kuukuu ilikuwa na yule wa biti 32 tu.

Pili, mtihani wenyewe. Faili lilikuwa la Publisher, na Publisher haiji na Windows, inakuja na Office. Jamaa alikuwa ameweka programu ya ofisi ya bure badala yake. Faili lilifunguka, ila kurasa mbili zikawa nne, na pembetatu ya swali la tatu ikahamia swali la saba. Mwalimu akatazama skrini, akauliza kwa upole, "Dada, hawa watoto niwafundishe upya?"

Tatu, skana ikafa. Nne, kile kidude cha USB cha kunasia video kutoka kwenye deki ya mikanda ya VHS, nacho kimya.

Jamaa alipoamka akasema neno ambalo wanaume wote wa kompyuta husema: "Tulia, hiyo ni draiva tu, nashusha sasa hivi." Akaangalia salio la bando. Sifuri. Windo mpya ilikuwa imeamka usiku, ikaona kuna intaneti, ikajishushia masasisho yake mpaka bando la wiki nzima likaisha.

Mke hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema hivi tu: "Baba watoto, umenibadilishia jiko usiku nimelala, asubuhi unaniambia nipike. Ungeniuliza ungepungukiwa nini?"

Jumapili tarehe 12 jamaa akanunua bando lingine. Siku hiyo hiyo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mtakumbuka, nchi nzima ilikuwa inazungusha kiduara tu kwenye simu. Draiva ya MB chache ikawa mbali kuliko mwezi.

Mkanda wa mzee wa Kivinje

Mitihani mwalimu alienda kuchapa kwingine, na hela ikaenda nayo. Hilo liliuma, lakini halikuwa kubwa kama mkanda.

Wiki mbili kabla, mzee mmoja wa Kivinje aliwaletea mkanda wa VHS wa harusi ya ndugu yake, ya mwaka 1999. Humo ndani yumo marehemu mkewe. Mzee ana picha zake mbili, sauti hana popote isipokuwa hapo. Binti yao anafanya kazi Muscat, mama alifariki yeye akiwa mdogo sana, sauti ya mama haikumbuki. Alikuwa amekuja likizo na anaondoka tarehe 20. Mke ndiye aliyemwahidi mzee, "Babu, binti ataondoka nayo."

Na mikanda ya pwani haina subira. Unyevu wa bahari unaleta ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, na kila ukiuzungusha kwenye deki unaweza kuwa unaucheza kwa mara ya mwisho. Kidude cha kuunasia kilikuwa cha zamani, na mtengenezaji hakuwahi kukitolea draiva ya windo mpya.

Jamaa akajaribu ule ujanja wa kubonyeza programu upande wa kulia na kuiambia windo ijifanye Windows 7. Ujanja huo unasaidia programu, lakini kwa draiva haufanyi kitu. Akajaribu mara sita. Usiku wa Jumatatu mke alimkuta amekaa gizani mbele ya skrini, mkanda mkononi. Hawakusemeshana.

Dada fundi wa Lindi

Asubuhi, mke ndiye aliyepiga simu. Intaneti ilikuwa imelala ila simu za kawaida zilikuwa zinapita. Alimpigia dada mmoja fundi wa kompyuta, Lindi mjini, waliyefahamiana kwenye semina ya vikundi vya akina mama.

Dada fundi hakuanza na lawama. Aliuliza maswali matatu: printa ni modeli gani, Office ya zamani mna CD yake, na ile hadidisiki ya kwanza iliyotoka na mashine mliitupa?

Jamaa akajibu CD haipo. Mke akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani kuna risiti ya Kariakoo, CD ya Windows 7, CD ya Office 2010, na karatasi yenye namba za leseni. Miaka yote vilikuwepo. Hakuna aliyemuuliza.

Jamaa akacheka peke yake, mke hakucheka. Baada ya kidogo naye akacheka.

Kwa printa, dada fundi alisema watengenezaji wakubwa huwa na draiva ya jumla inayobeba modeli nyingi za zamani, na yeye anayo kwenye ekstenali yake. Fundi wa mkoani asiye na maktaba ya draiva zisizotegemea intaneti, huyo bado anajifunza. Akaiweka kwenye fleshi, fleshi ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikapewa konda wa basi. Jioni bodaboda akaipokea Nangurukuru akaishusha Masoko. Wakati nyaya za bahari zimekatika, draiva ilisafiri kwa basi.

Office 2010 ikakaa kwenye Windows 10 bila shida, pembetatu zikarudi kwenye maswali yake. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi ya kwanza.

Kwa mkanda, dada fundi akawaambia wasipigane na windo mpya. Warudishe ile hadidisiki ya zamani ndani ya kasha kama diski ya pili, waipige Windows 7 ya biti 32, na wakati wa kuwasha wachague diski ipi iamke. Ya zamani iwe ya mikanda na skana tu, na isiguse intaneti kabisa kwa sababu haina ulinzi tena.

"Kaka," akamwambia jamaa kwenye simu, "hata Msikiti Mkuu wa Kisiwani walipoongeza sehemu mpya hawakubomoa ile ya kale." Na ni kweli. Ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani utaona upande wa kaskazini ndio mkongwe, ule mkubwa wa kusini uliongezwa karne ya 14, na vyote viwili vipo mpaka leo.

Tarehe 18 usiku mkanda ulizunguka. Picha ina mistari, rangi zimekimbia, dakika kadhaa ni theluji tupu. Halafu kwenye msongamano wa akina mama wa kanga ikasikika sauti ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mkali kweli: "Jamani, msinikanyagie mwanangu!"

Mwanangu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, ana miaka 25. Aliomba irudishwe. Ikarudishwa kwenye kompyuta mara nyingi tu, maana sasa ilikuwa faili, haichakai. Mzee alikuwa anatazama barabarani. Tarehe 20 binti aliondoka na fleshi mbili, moja kwenye mkoba na nyingine kwenye begi, kwa usalama.

Kabla hujapiga windo, uliza haya

1. Nani mwingine anakula kupitia mashine hii? Mwite, mkae, aseme anatumia nini kila siku.
2. Andika kila kinachochomekwa: printa, skana, kamera, deki. Tafuta draiva ya kila kimoja, iweke kwenye fleshi KABLA hujaanza.
3. Kama unatoka biti 32 kwenda 64, jua unaanza upya. CD na namba za leseni ziwe mezani.
4. Ukiunganisha intaneti ya simu, nenda kwenye mipangilio ya mtandao uiambie windo kwamba bando hili linapimwa. Itapunguza kujishushia vitu.
5. Piga windo mpya kwenye diski nyingine kama unaweza, ya zamani iache kwanza. Siku ukikwama unarudi.
6. Usianze kazi hii wakati kuna ahadi ya mtu ndani ya mashine.

Na msidhani hii ni habari ya juzi imepita. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel kwa kawaida prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Deskitopu nyingi za mtumba zilizopo majumbani hazifiki hapo. Kwa hiyo mazungumzo haya yanakuja kwenye nyumba nyingi.

Wale wa Masoko bado wana mashine ile ile. Kwenye kasha kuna stika mbili, moja imeandikwa MPYA na nyingine YA KALE, mwandiko wa mke. Neno la siri la kuingiza programu analo yeye. Jamaa akitaka kuongeza kitu anaomba, na wanaomfahamu wanasema siku hizi anaomba vizuri kweli.

Haya, wana. Kwenu mashine moja ina wenyewe wangapi? Na wewe ukiamka ukute mwenzako kakubadilishia windo ya kazi, unasamehe au unarudi kwenu? Dondosha komenti hapo chini.