Maoni ya Mwalimu

Mimi ni mwandishi ambaye bado sijatoa kitabu. Riwaya yangu imelala ndani ya kaunta buku, imefika sura ya nne na hapo imegoma. Kwa hiyo nikikwambia kwamba kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika ni ripoti za watoto wa chekechea, usicheke.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, alama hazikunipeleka mbele. Kiswahili peke yake ndicho kilichonitoa aibu. Mjomba akachoka kuniona barazani na daftari, akaniombea kazi kwenye shule moja ya vidudu huku kwetu Mbagala. Shule yenyewe ni vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya mtu, ubao, mikeka, na bembea iliyofungwa kwenye mwembe. Watoto 34. Mwaka mzima wa 2022 kazi yangu ilikuwa a, e, i, o, u, kufuta kamasi, kufunga kamba za viatu na kugawa uji saa nne.

Novemba ikifika, masomo yanakwisha, yanabaki mazoezi ya mahafali. Wakazi wa Dar mnajua mambo haya. Mtoto wa miaka sita anavalishwa joho na kofia ya pembe nne kama katoka chuo kikuu, keki inakatwa, wazazi wanatuza. Mimi niliwafundisha ngonjera. Lakini ulikuwa msimu wa maembe, na embe likidondoka uani, basi, hakuna ngonjera tena.

Wiki ya mwisho mwenye shule akanikabidhi bunda la ripoti. Kusoma, kuandika, kuhesabu, usafi: hapo unaweka herufi tu. Chini kabisa kuna mistari miwili, "Maoni ya mwalimu". Nikasema moyoni, hapa sasa ndipo watakapojua kwamba wameajiri mwandishi. Kumbe wapi! Kufika mtoto wa tano maneno yameniishia. Nikaandika "Anajitahidi, aongeze bidii", nikawagawia hivyohivyo wote waliobaki. Nusu saa, kazi kwisha.

Kesho yake akaja mama mmoja anayeuza vitumbua kituoni. Alikuja kuomba aongezewe siku za kulipa ada. Najua utauliza kwa nini asimpeleke mtoto shule ya serikali, maana tangu mwaka 2016 huko hakuna ada, kuanzia darasa la awali. Shule hiyo iko ng'ambo ya Barabara ya Kilwa, na yeye saa ya kuvusha mtoto ndiyo saa ya wateja. Alipoziona ripoti mezani akasema, "Mwalimu, hebu nisomee ya mwanangu. Mimi shule sikwenda."

Nikamsomea. Akanyamaza kidogo.

"Na yule mtoto wa jirani yangu, yeye umemwandikiaje?"

Nikatazama chini. Akaelewa.

"Sasa mwanangu, mwaka mzima umekaa naye, hukumwona?"

Hakusema kwa ukali. Lakini swali lile nilikwenda nalo nyumbani, nikala nalo, nikalala nalo. Asubuhi nikaomba fomu nyingine. Mwenye shule akaguna, akasema hela ya fotokopi itatoka kwenye mshahara wangu. Usiku nikakaa na taa, na kila jina nikajiuliza swali moja tu: huyu nilimwona akifanya nini? Mmoja nikamwandikia: "Anahesabu mpaka ishirini, ila kumi na tatu huiruka kila siku." Mwingine: "Akikosea hufuta mpaka karatasi inatoboka. Aambiwe kukosea si dhambi." Mtoto wa muuza vitumbua alikuwa mkimya, unaweza kumsahau chumbani. Nikaandika: "Hasemi sana. Lakini mwenzake akilia, yeye huenda kukaa karibu naye mpaka anyamaze."

Sijawahi kuandika vizuri kuliko usiku ule.

Siku mbili kabla ya mahafali ikatoka orodha. Wenye deni la ada walikuwa sita: hakuna joho, hakuna ripoti mpaka walipe. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nadai mshahara wa miezi miwili, na mshahara wangu ulitoka kwenye ada hizohizo. Shuleni tulisoma Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, na kwenye mtihani niliwaeleza vizuri sana Peter na Zita, wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada. Nililaani umaskini kurasa mbili. Siku ya mahafali nilisimama mlangoni na orodha mkononi.

Yule mama alikuja hivyohivyo, mtoto kamvalisha shati jeupe lililopigwa pasi. Nikamweleza. Hakugomba. Akasema, "Haya mwalimu, tutatazama tu." Wakasimama chini ya mwembe. Wenzake walipoanza ngonjera, nilimwona mtoto midomo inacheza. Beti zote alizijua.

Ningeweza kumpelekea ripoti yake jioni ileile. Kutoka shuleni hadi kituoni ni dakika kumi kwa mguu. Niliona aibu, na kabati lilikuwa na kufuli, na visingizio vingine vya namna hiyo. Shule ilipofunguliwa Januari nikaichomoa kimyakimya, nikaenda. Penye karai la vitumbua nikakuta dada anauza mihogo. Wamehama, akasema. Wapi? Hajui.

Ripoti ninayo mpaka leo, iko ndani ya kaunta buku, pale kwenye sura ya nne. Yule mtoto sasa atakuwa anajua kusoma. Angeweza kumsomea mama yake mwenyewe.

Vijana wenzangu tunaoandika, tukikutana hatuna hadithi nyingine ila wachapishaji: hawajibu barua, hawasomi miswada, wanataka majina makubwa. Yote kweli. Lakini maneno mawili matatu niliyowahi kuyaandika vizuri hayajamfikia mtu mmoja aliyeyaomba, na kwa hilo sina mchapishaji wa kumlaumu.