Mgeni wa Simbi

Kisumu, mji uliokua kwa reli iliyofika mwaka 1901, una hoteli tele. Mgeni hulipa, ndipo apewe ufunguo. Lakini kisa cha kutisha nilicholelewa nacho chahusu malazi yasiyouzwa. Karibu na Kendu Bay lipo ziwa la magadi, Simbi Nyaima. Yasimuliwa kwamba ajuza alifika kijijini hapo watu wakilewa na kucheza, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkirimu, akaonywa, akahama. Mvua ikakizamisha kijiji.

Wanajiolojia husema ni kreta ya volkeno, nami nakubali. Hata hivyo, tufasiripo “Mgeni njoo, mwenyeji apone”, wenzangu hutaja zawadi; mimi humkumbuka mwanamke yule. Yeye alipona hasa. Hodi ya usiku siwezi kuinyamazia.