Je, Kutoboa Boniti Kutaipoza Injini?

Iwapo nyumbani kwenu mna Land Rover kuukuu au Land Cruiser ya kubebea mizigo, huenda umewahi kusikia ushauri huu: toboa boniti, joto lipate pa kutokea. Mpwa wangu, ambaye gari lake ndilo linalolipa karo ya wadogo zake, alinijia hapa Kakamega na wazo hilo hilo. "Mjomba," akasema, "magari ya mashindano yana matundu. Mbona langu lisitobolewe?"

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 kule Naivasha, aghalabu huwa na matundu kwenye boniti. Lakini kabla hujamwita fundi aje na tindo, sharti ujue rejeta hufanyaje kazi.

Rejeta haipozwi na upepo unaoipiga usoni, bali na upepo unaopenya ndani yake na kutokea upande wa pili. Fikiria chumba chenye dirisha moja tu: hata upepo uvume vipi nje, ndani ni fukuto, kwa kuwa hewa iliyomo haina njia ya kutoka. Katika gari, hewa moto hupita kando ya injini na kutokea chini. Gari likiwa mwendoni kwenye lami, kazi hiyo huwa nyepesi. Likitambaa matopeni kwa gia ya kwanza, upepo hutegemea feni peke yake, na joto hujazana chini ya boniti. Hapo ndipo tundu linaweza kusaidia.

Naam, lakini tundu liwe wapi? Pazuri ni nusu ya mbele ya boniti, nyuma kidogo ya rejeta. Gari likienda, hewa inayopita juu ya sehemu hiyo huwa na shinikizo dogo, kwa hiyo huivuta hewa moto itoke. Karibu na kioo cha mbele mambo hugeuka. Upepo hugonga kioo na kujikusanya, na tundu la hapo laweza kuingiza hewa badala ya kuitoa, ikazuia ile inayotaka kupenya rejeta. Ndiyo sababu wale wanaoinua boniti upande wa kioo kwa kuweka nati chini ya bawaba huona nafuu wakienda polepole, kisha wakifika kwenye lami nafuu hiyo hutoweka.

Wala usichanganye tundu na ule mdomo ulio juu ya boniti ya Subaru Impreza WRX. Mdomo ule huelekeza upepo kwenye kifaa kinachopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Haukuwekwa kwa ajili ya maji ya rejeta. Anayeubandika kwenye gari lisilo na turbo amenunua pambo.

Sasa tuitazame Kakamega yetu. Mji huu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana maji, yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Mpira wake ukichakaa, maji huchemka mapema, na hata ukitoboa matundu kumi hutakuwa umetibu ugonjwa. Tafadhali usiufungue mfuniko huo injini ikiwa moto, kwa maana mvuke wake huunguza uso na mikono.

Tena gari linalopita katika mashamba ya miwa hukusanya majani makavu, mbegu na tope katikati ya mapezi ya rejeta. Upepo utapenya wapi? Na mvua zetu za alasiri nazo zitaingia kwenye matundu hayo hayo, zilowanishe nyaya, altaneta na hata filta ya hewa.

Kwa hiyo mimi na mpwa wangu tulianza na yasiyo na gharama kubwa. Tuliiosha rejeta kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea nje. Tukabadilisha mfuniko, tukakaza mkanda wa feni, na kuirudisha kava inayoizunguka feni, ambayo ilikuwa imetupwa nyuma ya gari. Safari iliyofuata alipanda mlima wa Riat kutoka Mamboleo akiwa na mzigo, na mshale wa joto ukatulia katikati.

Hata hivyo, kwenye tope la vijijini mshale uliendelea kupanda. Nikampa jaribio ambalo nawe waweza kulifanya. Simamisha gari penye usalama injini ikiwa ingali inanguruma na ina moto, kisha fungua boniti, ukijihadhari na feni. Mshale ukishuka, hewa moto ilikuwa imekosa njia. Usiposhuka, achana na boniti, urudi kwenye rejeta, pampu ya maji na thamostati.

Wa mpwa wangu ulishuka. Basi nikamruhusu atoboe matundu mawili tu, nusu ya mbele, yenye kifereji cha kupitishia maji ya mvua kando, na kingo zake zipakwe rangi zisishike kutu.

Msomaji, injini ikichemka mara kwa mara, gasketi huungua na kichwa cha injini hupinda, na bili yake hulipwa kwa pesa za karo. Tundu ni dawa ya ugonjwa mmoja tu. Pima kwanza, ndipo ukate.