Mbwa Naye Anapokwenda Mombasa

Shule zifungwapo Desemba, familia nyingi za Nairobi hushika njia ya Mombasa. Mizigo inapakiwa, watoto wanapanda, kisha mdogo wao anauliza, "Na Simba tunamwachia nani?" Iwapo huna jirani wa kumlisha, basi Simba ni abiria, na safari yake yahitaji kupangwa.

Kumbuka, msomaji, kwamba unateremka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kilomita zipatazo 480, mnyama aliyezoea baridi ya asubuhi anazidi kuingia katika joto. Wewe hutokwa jasho mwili mzima. Mbwa hutokwa jasho kidogo tu katika nyayo, na hujipoza hasa kwa kuhema. Wale wenye pua fupi ndio huteseka zaidi. Kwa hivyo ondoka alfajiri, uwe umeipita Voi kabla ya jua la saa sita. Mlishe jioni ya kuamkia safari, asubuhi umpe maji tu, la sivyo mtayafagia matapishi kabla hamjafika Emali.

Hatari kubwa i Mtito Andei, karibu nusu ya safari, ambako wengi husimama kula. Watu huingia hotelini, mbwa akaachwa garini, dirisha likiwa wazi kiasi cha vidole viwili. Hata kukiwa na nyuzi 24 tu nje, ndani ya gari lililofungwa juani joto laweza kupita nyuzi 35 katika nusu saa. Ule upenyo wa dirisha hausaidii kitu. Kuleni kwa zamu! Na ukimwona anahema bila kukoma, mate yamekuwa mazito, au anayumba, usingoje Mombasa. Mtie kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha mtafute daktari wa mifugo.

Mfunge kamba kabla ya kufungua mlango wa gari. Madereva wa malori hapo hawamngoji mtu, sembuse mbwa. Wala usidhani utachepuka Tsavo kuwaona ndovu mkiwa naye, maana wanyama wa nyumbani hawaruhusiwi katika mbuga za taifa.

Wasafirio kwa basi waulize kwanza kabla ya kukata tikiti. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa nacho kisisahaulike nyumbani.

Jambo jingine ni wenyeji wako. Nyumba nyingi za Waislamu huko Pwani hazimruhusu mbwa kuingia ndani, hivyo piga simu mapema ujue atalala wapi. Paka hana tatizo hilo. Yeye msafirishe katika kikapu chenye kifuniko, na mkifika mfungie chumbani siku kadhaa, pamoja na maji na karai la mchanga, hadi aizoee harufu ya nyumba. Akitoroka siku ya kwanza hatajua arudi wapi.