Siku Tano Innsbruck: Ratiba Tuliyoiandika Mara Mbili



Mama alipomaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, jambo la kwanza alilotuomba lilikuwa ni kumwona mdogo wetu. Huyu ni kitinda mimba wake, muuguzi katika mji wa Innsbruck nchini Austria, ambaye hakujaaliwa kufika Mombasa Baba alipofariki. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizikwa alasiri ya siku ile ile, kama ilivyo ada yetu. Mdogo wetu alipata habari kwa simu akiwa kazini. Tangu hapo alipiga simu kila jioni, akauliza bei ya samaki, akauliza habari za majirani na hata za paka, lakini jina la Baba hakulitaja, nasi hatukumlazimisha.

Tulisafiri watu wanne: Mama, sisi mabinti zake wawili, na kaka yetu aliyekuwa mahramu wetu. Kwa kuwa wengi wametuuliza jinsi tulivyojipanga, tumeona tuyaandike haya, pamoja na makosa yetu.

Neno la kwanza ni viza. Austria imo katika nchi za Schengen, na viza huombwa kwa nchi ambayo mtu atakaa zaidi. Hutakiwa bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Tulishuka Munich, Ujerumani, tukapanda treni ya takriban saa mbili hadi Innsbruck, tukiutazama mto Inn, ambao ndio ulioupa mji jina lake, yaani daraja la Inn.

Neno la pili ni mwezi wa kusafiri. Mwezi wa Juni jua la huko huzama baada ya saa tatu usiku, na Isha huingia karibu na usiku wa manane. Disemba Magharibi huingia kabla ya saa kumi na nusu jioni. Kwa ajili ya Mama, asiyependa Sala zake zisongamane wala zimnyime usingizi, tukachagua Septemba, ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana. Kibla nacho hugeuka. Mombasa tunaelekea kaskazini. Innsbruck mtu huelekea kusini mashariki. Mama alilirudia jambo hilo mara kadhaa kabla hatujaondoka, kama anayejifunza njia ya mtaa mpya.

Neno la tatu ni idadi ya siku. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri, na ruhusa ya kupunguza Sala na kuzikusanya humwondokea. Sisi tuliingia Jumanne na kuondoka Jumamosi, tukawa na siku tatu kamili. Ndizo hizo hizo siku tatu ambazo mdogo wetu alipewa ruhusa kazini.

Neno la nne linawahusu dada zetu wanaovaa nikabu. Tangu Oktoba 2017 sheria ya Austria inakataza kufunika uso hadharani, na faini yake hufikia yuro 150. Buibui na mtandio havina tatizo. Mmoja wetu huvaa nikabu tangu aolewe. Alishauriana na mumewe na mwalimu wake wa madrasa, akakubali kwenda uso wazi, na hakulala vizuri usiku wa kuamkia safari. Ni vyema mtu alijue hili akiwa bado nyumbani, asije akalikuta uwanja wa ndege.

Ama chakula, tulikodi nyumba ndogo yenye jiko. Vyakula vingi vya Kitirol hutiwa nyama ya nguruwe au hukaangwa kwa mafuta yake, kwa hivyo si vyema kula bila kuuliza. Lakini Waislamu si wageni huko. Dola ya Austria iliitambua dini yetu kisheria tangu 1912, baada ya kuitwaa Bosnia, na mkataba wa 1964 ukawaleta wafanyakazi wengi wa Kituruki. Nyama ya halali hupatikana katika maduka ya Waturuki. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa kutoka kwetu, basi tulibeba bizari, achari ya embe, tende na kashata za nazi.

Sasa ndipo tulipokosea. Ratiba yetu ya kwanza ilijaa kurasa mbili. Siku ya kwanza, asubuhi mlimani, jioni majumba ya makumbusho. Siku ya pili Salzburg, treni ya karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Siku ya tatu ziwa Achensee kwa treni ya zamani ya mvuke, kisha mji wa Hall wakati wa kurejea. Tulimsomea Mama tukijisifu. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka tasbihi yake mapajani, akasema, "Mmeniwekea mlima, ziwa na reli. Mwanangu nitamwona saa ngapi?"

Tulijitetea kwamba tutakuwa naye kila mahali. Mama hakujibu. Usiku ule, tukiwa wenyewe jikoni, tulikiri tuliyokuwa hatujakiri. Tuliogopa kukaa. Tuliogopa chumba chenye mdogo wetu na Mama ndani yake, na Baba hayumo. Tulipanga kila saa iwe na tikiti ili asipatikane mtu wa kulia.

Tukaiandika ratiba upya. Kila siku safari moja tu, isiyozidi nusu siku, na kuanzia Adhuhuri kurudi nyumbani. Salzburg tuliifuta. Achensee tuliifuta. Siku ya mlima hatukuiwekea tarehe, kwa sababu magari ya waya husimamishwa upepo ukiwa mkali, na huko kuna upepo wa joto uitwao Föhn ushukao kutoka kusi bila kubisha hodi.

Jumatano mbingu ilikuwa safi, tukapanda. Katikati ya mji huanzia treni inayovutwa kwa waya hadi mtaa wa Hungerburg. Stesheni zake za kioo, mfano wa barafu iliyoyeyuka, zilichorwa na Zaha Hadid, binti wa Baghdad, na kufunguliwa 2007. Kutoka hapo gari la waya hupanda hadi Seegrube, mita 1,905 juu ya bahari, na jingine huendelea hadi Hafelekar, zaidi ya mita 2,200. Mama ana shinikizo la damu, na daktari wake alimwambia asivuke mahali atakapohisi pumzi nzito. Alikomea Seegrube, na sote tukakomea naye. Mji mzima ulikuwa chini yetu. Alitazama kwa muda, akasema Subhanallah, kisha akauliza hospitali anakofanyia kazi mwanawe iko upande gani. Mdogo wetu akamwonyesha kwa kidole.

Alhamisi tulikwenda Hall, mji mdogo wa chumvi na fedha, kiasi cha kilomita 10 mashariki. Hapo, mwaka 1486, ilipigwa sarafu kubwa ya fedha iliyokuwa mama wa zile zilizokuja kuitwa thaler. Tulipomweleza Mama kwamba thaler ya Malkia Maria Theresa, yenye mwaka 1780, ndiyo iliyozagaa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu, alicheka. "Riale!" akasema. "Bibi yangu alikuwa nazo mbili katika kasha lake. Ina mwanamke mnene aliyejitanda." Mdogo wetu akamtazama, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, kesho nitakupeleka mahali."

Ijumaa asubuhi alitupeleka kwa miguu hadi mwisho wa barabara kubwa ya mji, inayoitwa kwa jina la malkia huyo. Pale pana lango la mawe. Lilijengwa 1765 kwa arusi ya mwana wa malkia, Leopold. Sherehe hazijaisha, mume wa malkia akafariki ghafla mumo humo mjini. Lango lile likabaki na sura mbili: upande wa kusini michoro ya arusi, upande wa kaskazini michoro ya msiba. Maria Theresa hakuvua nguo za kufiwa hadi alipokufa mwaka 1780, miaka 15 baadaye. Ule mtandio wa kwenye riale ni mtandio wa mjane.

Mama aliuliza, "Miaka kumi na mitano?" Akatikisa kichwa. "Sisi Mola wetu ametupa miezi minne na siku kumi, kwa kuwa anatujua."

Ndipo mdogo wetu akasema, akiutazama upande wa kaskazini, "Nikienda kazini hupita hapa. Kila nikipita humsomea Baba Fatiha. Lakini sijui hata amelazwa wapi."

Hatukwenda mahali pengine. Kaka alikwenda kuswali Ijumaa, sisi tukarudi nyumbani tukapika wali wa nazi. Baada ya kula Mama alimkalisha mdogo wetu karibu naye, akamsimulia tangu mwanzo kama anavyosimuliwa mtu ambaye ni haki yake kujua. Alimwambia Baba aliamkaje siku ile na aliomba nini. Alimtajia waliomwosha, aliyemsalisha, na kaburi liko upande gani wa ule mkwaju makaburini. Alimwambia kwamba Baba, usiku wa mwisho, aliuliza kama huko Austria kumeanza baridi. Mdogo wetu alilia hadi Alasiri, nasi pamoja naye. Kisha akanawa uso na kuuliza kama achari imebaki.

Jumamosi, kwenye stesheni, alimtaja Baba mara tatu bila ya kujitambua. Tulihesabu.

Kwa hivyo, ndugu zetu mnaopanga ziara fupi ya mbali, fanyeni hesabu ya siku, ya nyakati za Sala na ya pumzi za wazee wenu. Chagueni safari moja kwa siku, ya karibu. Kisha rudini kwenye ratiba na kujiuliza ni nani mnayemwendea, na kama mmemwachia saa. Salzburg hatukuiona, na Mama hajaiulizia hata siku moja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Baba yetu na awarehemu wazazi wenu waliotangulia, na awakutanishe kwa heri wote waliotengwa na bahari. Amin.